Mwalimu wa Kiswahili Katika Jiwe la Berlin

Mwalimu mwenzangu, unapowaeleza wanafunzi jinsi Wanazi walivyowaangamiza Wayahudi milioni 6, usidhani mkasa ule haukutugusa sisi wa Kiswahili. Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam (1904), alisaidia kufundisha Kiswahili chuoni Berlin. Hakuwa Myahudi, lakini ubaguzi wa rangi wa utawala uo huo ulimtia katika kambi ya Sachsenhausen, alikofia mwaka wa 1944. Tangu 2007, jina lake limo miongoni mwa “mawe ya kujikwaa” ya msanii Gunter Demnig: bamba dogo la shaba njiani, penye makazi yake ya zamani. Mpita njia huinama ndipo alisome. Nawe mtahiniwa, lichambue kama matini: bamba la sentimita 10 hubeba nini, na huacha nini?