Kalasinga, Fundi na Spana Boi

Katika Kiswahili cha babu yangu, Kalasinga hakuwa mtu wa dini fulani. Alikuwa fundi. Ukimwambia gari limekufia njiani, alikuuliza kwanza kama umempelekea Kalasinga, hata miaka ile ambayo Nakuru ilijaa magereji ya Waafrika na Makalasinga wenyewe walikuwa wamebaki wa kuhesabika. Masimulizi ya mjini husema neno lenyewe lilitokana na Kala Singh, mfanyabiashara Msikh aliyefika Kenya reli ilipokuwa ikijengwa. Liwe lilitoka huko au kwingine, watu waliliunganisha likawa neno moja, wakampa kila mwanamume mwenye kilemba na ndevu. Wapo wanaolisikia kama neno la dharau. Nitalitumia kwa sababu ndilo nililolikuta nyumbani, na nyumbani lilitamkwa kwa heshima, pengine na woga kidogo ndani yake.

Ninasomea shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu mafundi wa Kipunjabi waliohamia Kenya wakati wa ukoloni. Swali linaloninyima usingizi ni moja. Mtu anapohama nchi akiwa hana mali ila kazi ya mikono yake, kazi hiyo ikifika ugenini inakuwa ya nani?

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Nairobi ilifikiwa mwaka 1899, na Kisumu mwishoni mwa 1901. Karibu watu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mikataba ya miaka mitatu, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walikufa. Zaidi ya 6,700 walibaki mikataba ilipokwisha. Waliosalia walirudi kwao, maelfu wakiwa wagonjwa au vilema. Vitabu vya shule hupenda simba wa Tsavo, nasi tulioketi madarasani tuliwapenda pia, lakini simba hawasaidii kueleza kwa nini mtu abaki. Kwa hilo inabidi kutazama mambo mawili: chuma na ardhi.

Chuma kwanza. Reli ilijengwa kwa upana wa mita moja kati ya pau mbili, upana uliotumika sehemu nyingi za India, na baadhi ya injini za mwanzo zilitoka huko huko. Kwa hiyo fundi aliyeshuka Mombasa hakukuta mashine ngeni. Alikuta mashine aliyoijua, katika nchi asiyoijua. Miongoni mwa Masikh waliokuja, wengi walikuwa Ramgarhia, watu ambao kwa vizazi vingi walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Kwa Kipunjabi fundi wa namna hiyo huitwa mistri, neno lililotokana na Kireno. Yaani hata jina la kazi yake lilikuwa limeshahama mara moja kabla ya yeye kupanda meli.

Ardhi ndiyo iliyomfungia njia nyingine. Serikali ya kikoloni ilizitenga nyanda za juu kwa ajili ya walowezi Wazungu, na Mhindi hakuruhusiwa kumiliki shamba huko. Mtoto wa mkulima wa Punjab ambaye pengine angenunua ekari kadhaa Nakuru au Kericho alizuiwa na sera. Kilichobaki kilikuwa duka, ukarani, au karakana. Tunaposema Makalasinga "walipenda" ufundi, tukumbuke kwamba mlango wa shamba ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Nairobi yenyewe ilianza kama kituo cha reli, na karakana zake ndizo zilizoibeba. Kujenga reli ni kazi yenye mwisho. Kuitengeneza haina mwisho. Maji yenye chumvi huacha ukoko ndani ya boila, mabomba yakaziba, na mtu akalazimika kuingia kuyasafisha au kuyang'oa na kuweka mapya. Magurudumu hukaguliwa kwa nyundo: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa mlio mfu. Kuna kazi nyingine ambayo naipenda zaidi kwa sababu babu alinifundisha kuieleza, ingawa kuifanya siiwezi. Beringi za injini za zamani zilimwagwa kwa madini laini meupe, kisha zikakwanguliwa kwa mkono hadi zikae sawasawa. Fundi hupaka rangi ya buluu kwenye shafti, huifunga, huizungusha kidogo, huifungua. Palipoguswa panaonekana. Hapo hukwangua kidogo tu, unga kama wa sabuni, kisha hurudia. Mara thelathini, mara arobaini, mpaka buluu ienee kote. Hakuna kitabu kinachoweza kukuambia uache lini.

Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja. Shafti ni nzito. Mmoja anashika na mwingine anatazama. Ndiyo maana kila fundi alikuwa na msaidizi wake, na msaidizi alikuwa Mwafrika. Kwenye magereji aliitwa spana boi, hata kama alikuwa baba wa watoto watano. Mishahara ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kalasinga angeweza kuifungua injini nzima na kuifunga na bado akalipwa chini ya Mzungu aliyemsimamia. Msaidizi wake angeweza kujifunza yote hayo na bado akabaki boi. Katika kumbukumbu za kazi ninazosoma, majina ya mafundi huandikwa pamoja na ujuzi wao: seremala, mhunzi, mtengeneza boila. Wasaidizi mara nyingi ni idadi tu.

Ingekuwa rahisi kuandika habari hii kama hadithi ya wahamiaji wachapa kazi, na wazao wao wengi huisimulia hivyo, wana haki yao. Ingekuwa rahisi pia kuiandika kama hadithi ya Wahindi walioficha ujuzi. Babu alisimulia zote mbili, kutegemea siku. Alisema kuna wakati Kalasinga wake alikuwa akigeuka mgongo afikapo kwenye sehemu ngumu, na kuna wakati alimshika mkono na kuuweka juu ya chuma ili asikie kwa vidole mahali palipoinuka. Mtu yule yule, wiki ile ile.

Wapo waliojaribu kuivunja ngazi ile. Makhan Singh alifika Nairobi mwaka 1927 akiwa kijana, akimfuata baba yake aliyekuwa fundi wa reli kabla ya kufungua kiwanda kidogo cha uchapaji. Mwaka 1935 chama alichokiongoza kilifunguliwa kwa wafanyakazi wa kila rangi kikaitwa Labour Trade Union of Kenya. Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi waligoma kwa siku 62, wakarudi kazini na nyongeza ya mshahara. Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni, alidai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani, wakati ambapo wengi waliona hata kulitamka jambo hilo ni hatari. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiwa hadi 1961. Ninamtaja kwa sababu alifikiri kwa namna ya karakana: kama watu wawili wanainua shafti moja, kwa nini wagome mbalimbali?

Nje ya reli, wana na wajukuu wa mafundi wale walifungua magereji katika kila mji ulioguswa na reli. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, alianzia katika gereji ya baba yake. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo kuukuu ambayo ilikuwa imeshakimbizwa katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Babu hakuwa mtu wa michezo, lakini ushindi wa ile Volvo aliuchukua kama wake. Mzungu alinunua gari jipya, alikuwa akisema, sisi tulitengeneza. Neno "sisi" hapo limenitatiza katika sura nzima ya tasnifu.

Babu naye alikuwa mhamiaji, kwa kipimo kidogo. Alitoka Maragoli kwenda Nakuru akiwa na miaka kumi na tisa, akaajiriwa kufagia gereji, na baada ya miezi kadhaa akapewa kushika taa. Yeye na Kalasinga walizungumza Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yao aliyenyonyeshwa nayo. Kilikuwa Kiswahili cha amri: shika hapa, kaza, legeza, basi. Babu alisema alijifunza kwa kuiba kwa macho. Kushika taa ni nafasi nzuri kwa mwizi wa namna hiyo, kwa maana lazima mwanga uende pale pale fundi anapotazama. Kalasinga hakumwita fundi hata siku moja. Wateja ndio walioanza, tena kwa siri, wakimfuata Jumapili na gari bovu.

Uhuru ulipofika mwaka 1963, watu wa asili ya Kiasia walipewa miaka miwili kuomba uraia. Wengi walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za kibali cha kazi na leseni za biashara, na kwa ghafla mtu aliyezaliwa Nakuru akatakiwa kuthibitisha kwamba hakuna mwananchi awezaye kufanya kazi yake. Jambo hilo naliona kwa macho mawili. Ilikuwa sheria iliyowatikisa watu nyumbani kwao. Ilikuwa pia mara ya kwanza serikali kuuliza kwa karatasi kama mtu wa aina ya babu yangu aliiweza kazi ile. Uingereza nayo, ilipoona foleni kwenye viwanja vya ndege, ilipitisha sheria ya kuwazuia mapema mwaka 1968, bungeni ikachukua siku tatu.

Kalasinga wa babu aliondoka kabla mlango haujafungwa. Habari zake zinaishia hapo, lakini za wenzake zimeandikwa. Mwanazuoni Parminder Bhachu, ambaye utafiti wake juu ya Masikh wa Afrika Mashariki walioko Uingereza ulichapishwa mwaka 1985, aliwaita wahamiaji wa mara mbili. Walifika London wakiwa na ujuzi, wakijua Kiingereza na maisha ya mjini, na walijenga upya walichokuwa nacho. Katika migahawa ya Southall hadi leo utauziwa muhogo wa kukaanga kwa jina la mogo. Neno fundi nalo limo bado katika mazungumzo ya wazee wao, katikati ya Kipunjabi.

Huku nyuma, waliokuwa wakishika taa walitoka nje wakafanya kazi chini ya mti, juani. Kenneth King, aliyewachunguza mafundi hawa wa Kenya na kuchapisha kitabu mwaka 1977, aliufuata ujuzi wao nyuma hadi kwenye karakana za Wahindi. Jina la jua kali lilikuja kutumika kwa kazi yao yote, na kufikia 1985 Rais Moi alikuwa anawaahidi mabanda pale Kamukunji.

Siku ya kuondoka, Kalasinga alimuuzia babu sanduku la spana kwa bei ambayo babu aliiona ni ya zawadi. Hakuna hotuba. Zilikuwa spana za inchi, 7/16, 1/2, 9/16, za kufungulia Land Rover, Bedford na Austin. Miaka michache baadaye barabara zikajaa Peugeot 404 na Datsun, ambazo nati zake hupimwa kwa milimita. Spana ya nusu inchi kwenye nati ya namba kumi na mbili huteleza, na ikiteleza huila kona za nati. Babu aliuza mbuzi wawili akanunua namba kumi, kumi na mbili, kumi na nne na kumi na saba, moja moja, kila mwisho wa mwezi. Land Rover za zamani zilipoletwa, alilifungua lile sanduku la kwanza. Kijana aliyemshikia taa alitumwa alete, na babu alimtajia kipimo kwa inchi, bila kumweleza.