Mtu ni Afya, na Uzee Je?

Kijana wa Bonga, Babati, aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1973, leo amepita 75. Mwaka ule kampeni ya Mtu ni Afya ilienea nchi nzima. Kwa wiki 12 watu wapatao milioni 2 walisikiliza Radio Tanzania kwa vikundi, wakasomewa kitabu, wakabishana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Haikuwa lelemama! Walifundishwa malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Shinikizo la damu na kisukari, yanayomnyima mzee kujitegemea, hayakuwamo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iligusia matibabu. Darasa la namna ile kwa maradhi haya bado nalingoja, na wanafunzi wanazidi kupungua.