Kutoka Gwaride hadi Elimu ya Viungo: Historia ya Kipindi Kimoja na Lugha Yake katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika ratiba ya shule ya msingi nchini Kenya kuna kipindi kilichopata kuitwa kwa majina mengi, lakini hakuna hata moja kati ya majina hayo lililotokana na watoto wanaofundishwa. Wazee wetu walikiita drili. Baadaye kikaitwa P.T., kisha P.E.; na katika Kiswahili hutajwa mara kwa jina la gwaride, mara michezo, mara mazoezi ya viungo, mara elimu ya viungo. Si desturi ya majarida ya lugha kushughulikia somo lisilo na diwani wala kitabu cha sarufi. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba historia ya kipindi hiki husomeka vyema katika maneno yake. Aidha, yanadai kwamba mwanaisimu anayekipuuza anapuuza mahali ambapo mtoto wetu hukutana na Kiswahili cha amri kabla hajakutana na Kiswahili cha insha.

Tutatazama kwanza chimbuko la kipindi chenyewe, kisha lugha iliyokiongoza, kisha michezo iliyokuwako kabla yake na kando yake. Mwisho tutakilinganisha na somo la Kiswahili, kwa kuwa masomo haya mawili yalikuwa mayatima wa nyumba moja hadi mwaka 1985.

Chimbuko

Mazoezi ya viungo kama somo la darasani hayana umri mkubwa. Mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm, miaka minne tu baada ya Uswidi kushindwa na Urusi na kupokonywa Ufini. Ling aliyapanga mazoezi kwa kufuata umbo la mwili: shingo, mikono, kiwiliwili, miguu, kila kiungo na zoezi lake. Tangu mwanzo, basi, fikira mbili zilipatana katika somo hili: fikira ya tabibu atakaye mwili wenye afya, na fikira ya jemadari atakaye mwili wenye utii.

Huko Uingereza fikira hizo mbili zilivutana waziwazi. Wakati wa vita vya Makaburu, vilivyodumu tangu mwaka 1899 hadi 1902, vijana wengi waliotaka kuandikishwa jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili, na taifa likashtuka. Mwaka 1902 Bodi ya Elimu ikatoa mwongozo wa mazoezi uliotegemea mno desturi za jeshi. Walimu wengi waliulalamikia kwamba haukumfikiria mtoto, na mwaka 1904 ukaondolewa na mwingine kuwekwa mahali pake. Mwongozo wa mwaka 1909, uliotolewa wakati George Newman alipokuwa mganga mkuu wa Bodi hiyo, ulifuata zaidi njia ya Uswidi. Ule wa mwaka 1919 uliongeza nafasi ya michezo kwa watoto wadogo. Ule wa mwaka 1933 ulikuwa na majedwali ya masomo yaliyopangwa kwa umri, na ukatumika kwa miaka mingi. Ilipofika mwaka 1952, kitabu kipya cha serikali kilimwacha mtoto atafute mwenyewe namna ya kupanda, kuruka na kujiviringisha.

Mwandishi wa makala haya alibahatika kuupekua mwongozo wa mwaka 1933 alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo. Alipofika kwenye safu za watoto waliosimama miguu imetanuka na mikono imenyooshwa, aliiona shule yake mwenyewe ya msingi. Yeyote aliyepanga foleni kwa urefu katika uwanja wa vumbi ataitambua picha hiyo. Mkondo ulikuwa umesafiri kutoka Stockholm hadi London, na kutoka London hadi kwetu, ila kwetu ulikutana na mkondo mwingine uliotoka kambini.

Lugha ya kambi

Jeshi la KAR liliundwa rasmi mwaka 1902, mwaka uleule wa mwongozo wa kijeshi huko Uingereza. Askari wake walitoka katika makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha namna yake, ambacho wanaisimu wamekiita KiKAR. Kiswahili hicho kilipunguza viambishi na kutegemea amri fupi. Si ajabu, basi, kwamba maneno gwaride na kwata, ambayo ni maneno ya kambi, yaliingia katika uwanja wa shule bila kubisha hodi.

Tuzitazame amri zenyewe: Kulia — geuka! Nyuma — geuka! Mbele — tembea! Mguu — pande! Mguu — sawa! Mambo matatu yanajitokeza.

Kwanza, kielezi kimemtangulia mwenzake. Mswahili akimwelekeza mtu njiani husema "geuka kulia". Katika amri za gwaride mpangilio umepinduliwa, sawasawa na ule wa amri za Kiingereza. Mpinduo huo una kazi yake: neno la kwanza humtayarisha mtu, la pili humwondoa, na kituo kilicho baina ya maneno hayo huwafanya wote waende pamoja. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba ni tafsiri mbovu. Ni chombo kilichoundwa kwa ajili ya shughuli maalumu.

Pili, kiambishi cha wingi kimepotea. Sarufi yetu hutaka mtu anapoamrisha watu wengi aseme "geukeni", "tembeeni", "simameni". Mwalimu huyohuyo akiwa darasani husema "kaeni chini, fungueni vitabu", lakini akitoka uwanjani husema "geuka". Watoto hamsini wanasemeshwa kama mtu mmoja. Jambo hili ni dogo kwa sauti, kwani ni silabi moja tu, lakini si dogo kwa maana. Kwa gwaride, kundi ni mwili mmoja. Hakuna fulani aliye mfupi, wala fulani anayechechemea, wala fulani aliyekuja shuleni bila kifungua kinywa.

Tatu, amri hizi hazina jibu. Mtoto hujibu kwa miguu tu. Lakini katika michezo na nyimbo za Waswahili mmoja huanza na wengine hupokea. Pasipo wa kupokea hapana mchezo.

Haya hayasemwi ili kulidharau gwaride. Mwalimu mwenye watoto wengi, uwanja mdogo na mpira mmoja anahitaji utaratibu, na amri fupi humsaidia. Hoja yetu ni kwamba lugha ya zoezi ilipochukuliwa kambini, dhana ya zoezi ilikuja pamoja nayo. Wengi wetu tumekua tukidhani kwamba kufundishwa mazoezi ya viungo ni kufundishwa kutii. Hata methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi huifasiri kwa upande wa adabu peke yake, na kusahau kwamba methali yenyewe inazungumza juu ya mwili unaokunjika.

Michezo iliyokuwako

Je, Kiswahili hakikuwa na lugha yake ya mwili? Kamusi za zamani zinatuonyesha kwamba kilikuwa nayo tele. Mtoto huruka, huchupa, husota, hutambaa, hubingirika, hupiga kichwangomba, huchechemea, huning'inia. Kila kitenzi kina mwendo wake, na mwalimu akivipanga kwa zamu atakuwa na masomo ya muhula mzima. Pwani kulikuwa na mieleka, na kirumbizi, yaani mchezo wa fimbo unaofunza jicho na mguu kwa pamoja, na ukuti, ambamo watoto hushikana mikono na kuzunguka.

Ulio muhimu kuliko yote kwa hoja yetu ni mchezo wa tinge, ambao kamusi hueleza kuwa ni wa kuigiza kila afanyalo kiongozi. Kwa umbo la nje, tinge inafanana sana na gwaride: yuko mmoja mbele, wengine nyuma, na wote hufanya jambo moja. Lakini tofauti yake ni kubwa. Kiongozi wa tinge haamrishi, anatenda. Hawezi kuwataka wenzake waruke shimo asiloliruka yeye. Ingekuwa mwalimu wa kipindi chetu amefuata desturi ya tinge, asingesimama kivulini na filimbi mdomoni.

Tena michezo hii haikufa. Watoto wa miji yetu hucheza kati, tapo, brikicho na bladaa, na majina hayo wameyaunda au kuyageuza wenyewe. Bladaa yastahili kutazamwa kwa makini. Watoto wawili hunyoosha kamba iliyokatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, na wa tatu huruka. Kamba huanza kwenye vifundo vya miguu, ikapanda hadi magotini, kisha kiunoni, na kuzidi. Anayeshindwa hushika kamba ili mwenzake aruke. Hili ni jedwali la mazoezi lililopangwa kwa ngazi, kama majedwali ya mwaka 1933, ila hapa ngazi zimepangwa na watoto, na hakuna anayepandishwa kabla ya uwezo wake. Walimu huuona mchezo huu kila siku wakati wa mapumziko. Kengele ikilia, kamba hutiwa mfukoni, na watoto hupangwa foleni ili wafundishwe kuruka.

Mayatima wawili

Turudi kwenye ratiba. Katika mfumo uliotangulia ule wa 8-4-4, mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukuwa na karatasi ya Kiswahili. Somo lilikuwamo katika ratiba, lakini saa yake ilikuwa mali ya yeyote aliyeihitaji. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kukiibia saa. Sisi walimu wa lugha hii tulio vyuoni leo ni watoto wa uamuzi huo.

Yatima wa pili hakupata mlezi. Mazoezi ya viungo yalibaki katika ratiba bila mtihani. Mwandishi akiwa darasa la saba alikuwa na daftari lililonakiliwa ratiba kwa kalamu nyekundu, na P.E. ilikuwamo, lakini saa hiyo ilipofika, hesabu ndizo zilizofundishwa, na mara nyingine, yatupasa kukiri, Kiswahili. Aliyekuwa ameokolewa ndiye aliyemnyang'anya mwenzake. Elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mwaka 2003, madarasa yalifurika, na kiwanja kilichokuwa kimebanwa kikabanwa zaidi.

Mtu aweza kupinga kwa kusema kwamba nchi iliyompata Naftali Temu na Kipchoge Keino, washindi wa medali za dhahabu huko Mexico mwaka 1968, haina upungufu wa mazoezi. Pingamizo hili lachanganya mambo mawili. Mashindano huchagua wachache walio hodari na kuwaacha wengine wakipiga makofi; kipindi cha elimu ya viungo ni cha yule apigaye makofi. Ushindi wa wakimbiaji wetu umekuwa pazia lililofunika saa iliyopotea.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019 ulilipa somo hili heshima mpya, ukaliunganisha na afya. Hata hivyo, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita ilipofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, mazoezi ya viungo yalitiwa ndani ya karatasi ya sayansi jumuishi. Mtoto aliulizwa kwa maandishi juu ya mwili wake, naye akajibu kwa penseli, ameketi. Yatima amepata mlezi, lakini mlezi huyo amemkalisha.

Hitimisho

Tumeona kwamba kipindi hiki kilizaliwa kati ya tabibu na jemadari, kikatufikia kwa sauti ya jemadari, na kikapoteza saa yake kwa kukosa mtihani. Tumeona pia kwamba lugha yetu ilikuwa na maneno na michezo iliyotosha kukijenga upya. Jirani zetu wa Tanzania, wanaofundisha shule za msingi za umma kwa Kiswahili, walilipa somo la namna hii jina la Haiba na Michezo katika mtaala wa mwaka 2005. Tukubali jina hilo au tulikatae, angalau walijiuliza kwa lugha yao somo hili ni la nini.

Idara za Kiswahili zina kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kukusanya istilahi za michezo ya watoto wa pwani na wa bara, zikiwamo zile za mitaani ambazo kamusi zetu huzionea haya, kabla hazijasahaulika. Ya pili ni kuwasaidia walimu watarajiwa kuona kwamba kati ya "ruka!" na "haya, turuke" pana tofauti ya falsafa nzima ya malezi. Katika ile ya kwanza mwalimu amesimama. Katika ya pili amekwisha kuvua viatu. Udongo uwahi ungali maji, na udongo tunaouzungumzia una saa chache tu za uwanjani kila juma. Tuliosaidia kuzichukua ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kuzirudisha.