Kumi kwa Kumi: Historia ya Eastlands Iko Ndani ya Chumba

Watu wangu, wiki tatu nimekuwa kimya. Sikuwa mgonjwa na sikuwa nimehama. Nilikuwa nimeketi sakafuni na rundo la matofali ya plastiki, yale ya watoto kuchezea, najenga upya ploti tuliyokulia hapa Kiamaiko.

Najua vile mtasema. Msee mzima na vitu vya watoto! Sawa, chekeni kwanza mmalize. Halafu mnisikilize, kwa sababu hii kazi ya kitoto imenifunza historia ya Eastlands kushinda darasa lolote nililowahi kukaa.

Ploti yetu haiko tena. Ilikuwa ya mawe, chini na juu, karibu na soko la mbuzi. Ukilala kwetu hukuhitaji alamu. Mbuzi walioshushwa usiku kutoka Marsabit na Moyale walikuamsha kabla hata ya adhana. Nikiwa kidato cha pili, mwenye ploti alitupa notisi, akabomoa, akapandisha ghorofa saba. Picha tulizobaki nazo ni tatu. Zote tumesimama mbele ya geti na nguo za Krismasi. Ya ndani hakuna hata moja.

Hapo ndipo swali langu lilianzia. Tuliishi ndani miaka yote hiyo, mbona ushahidi wote uko nje?

Kazi ya kwanza ilikuwa kipimo. Ukipima tofali la kuchezea, kutoka kidoti kimoja cha juu hadi kingine ni milimita 8. Mimi nikaamua kidoti kimoja kiwe futi moja. Ukipiga hesabu, hiyo ni nyumba iliyopunguzwa mara 38 hivi. Yule mtu mdogo wa plastiki ana sentimita 4, kwa hivyo kwangu anakuwa mtu wa futi tano, si mbaya. Na chumba chetu cha kumi kwa kumi kikawa vidoti kumi kwa kumi. Mia moja kamili.

Sasa panga vitu. Kitanda cha nne kwa sita: vidoti 24. Sofa seti, kiti kirefu kimoja na viwili vifupi: 36. Kabati la vyombo, 8. Meza, 8. Mitungi minne ya maji ya lita 20, kila mmoja kidoti chake, 4. Stovu na kimeza chake, 4. Hapo umefika 84. Mlango unafunguka kwa ndani, kwa hivyo lazima uuachie 9 za kuzunguka. Zimebaki 7.

Na tulikuwa watu watano.

Nilihesabu mara ya pili nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Maisha yangu yote ya utoto yalikaa kwa vidoti saba, na sikuwahi kujua ni vidogo hivyo. Nilidhani kwetu ni kubwa tu, kwa sababu kila mtu alikuwa na mahali pake.

Kitu cha pili nilichojifunza kilitoka kwa matofali yenyewe. Lego mpya ni za watu wenye mfuko, si mimi. Zangu nyingine niliokota kwa marundo ya vichezeo vya mitumba Gikomba, nyingine ni za Mchina kutoka maduka ya Nyamakima. Zikichanganywa, zingine zinashikana, zingine zinalegea. Ghorofa ya juu ilinianguka mara mbili kabla sijaelewa shida iko wapi. Kwa nje tofali zote zinafanana. Tofauti iko tumboni.

Na hiyo ndiyo historia ya Lego yenyewe. Seremala Ole Kirk Christiansen wa mji mdogo wa Billund, Denmark, alianza kuchonga vichezeo vya mbao mwaka 1932. Mwaka 1949 kampuni yake ikatoa matofali ya plastiki, kwa kufuata wazo la Hilary Fisher Page, Mwingereza aliyekuwa tayari anauza yake kwa jina la Kiddicraft. Lakini yale ya kwanza yalikuwa matupu ndani. Yalipangana vizuri, ukiyainua yanaachana. Ilichukua karibu miaka kumi. Tarehe 28 Januari 1958, mwanawe Godtfred alisajili hataza ya tofali lenye vijibomba ndani, vinavyobana vidoti vya tofali la chini yake. Kwa nje hakuna aliyeona mabadiliko makubwa. Lakini tofali la 1958 bado linashikana na la leo.

Kwa hivyo kinachoshika nyumba kiko ndani. Weka hilo akilini.

Ajabu ni kwamba hata Lego wenyewe walisahau. Mwaka 2007 walipoanza ule mfululizo wa majengo makubwa ya mtaani, la kwanza liliitwa Café Corner. Lilikuwa na ghorofa tatu, madirisha mazuri na paa la kupendeza, lakini ukiinua ghorofa kutazama ndani, hakuna kitu. Ni ukuta wa mbele mtupu. Yaliyofuata ndiyo yakaanza kuwekwa ngazi, rafu, jikoni na vitanda. Hata wajenzi bora wa vichezeo duniani walianza na sura ya mbele, wakamkumbuka mwenye kulala baadaye.

Nairobi ilianza vivyo hivyo, lakini huku haikuwa mchezo.

Chukua mwaka 1924. Kule Uingereza, msanifu Edwin Lutyens alikuwa amemaliza nyumba ya mwanasesere ya Malkia Mary, iliyopunguzwa mara 12. Nyumba hiyo ya kuchezea ilikuwa na umeme, na mifereji yake ilitoa maji ya kweli. Mwaka huohuo ikawekwa Wembley kwenye yale Maonyesho ya Dola ya Uingereza, watu wakapanga foleni kuiona. Sasa rudi hapa Nairobi, mwaka huohuo, chini ya dola hiyohiyo. Pumwani ilikuwa bado changa, mtaa uliotengewa Waafrika, na wenyeji walikuwa wamejijengea nyumba za udongo kwa ramani ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Maji na vyoo vilikuwa vya pamoja, nje. Mwanasesere wa London alikuwa na mfereji ndani ya nyumba. Mama wa Pumwani alibeba ndoo.

Sisemi hivi ili tulie. Ninasema ili muone nani alikuwa anafikiriwa kama mtu mwenye ndani.

Kwa sababu kwa serikali ya kikoloni, Mwafrika mjini alikuwa mpita njia. Alikuja kufanya kazi, na kazi ikiisha arudi ushago. Kwa hivyo nyumba za wafanyakazi hazikuhesabiwa kwa familia. Zilihesabiwa kwa nafasi za vitanda. Chumba hiki vitanda vitatu, kile vinne. Hakuna hesabu ya meza, mtoto wala mgeni. Ilibidi kufika miaka ya 1940 ndipo Kaloleni ikajengwa kwa wazo kwamba Mwafrika anaweza kuishi Nairobi na mke na watoto. Miaka 40 na kitu baada ya reli kufika, ndipo mtu akachora nyumba akifikiria tunakula wapi.

Halafu Uhuru ukaja, mji ukajaa, na huku kwetu Huruma na Kiamaiko ploti zilizogawanywa kuanzia miaka ya 1970 zikaanza kupanda juu. Mbili, nne, sita, saba. Mtafiti Marie Huchzermeyer aliandika kitabu mwaka 2011 akilinganisha majumba ya vyumba vya kupanga ya Nairobi, Huruma ikiwemo, na yale ya Berlin ya karne ya 19. Kumbe Wajerumani pia walikaa hivi! Lakini angalia vile hesabu yetu imebaki ileile ya mkoloni. Mwenye ploti anahesabu vyumba, mpangaji analipa kwa chumba. Neno limetoka "kitanda" likawa "chumba", lakini ndani bado ni shauri yako.

Na ndani yetu huwa inaonekana lini? Nitawaambia. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa Huruma, kando ya mto. Watu karibu 50 walikufa. Mtoto mchanga wa kike aliokolewa akiwa hai baada ya siku tatu na ushei. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kutazama habari na kuona magodoro na nguo za watu katikati ya zege. Kenya nzima ilitazama vitu vya ndani vya majirani zetu siku hiyo. Nilishikwa na aibu ambayo sikuielewa, kama mtu amefunua nguo ya mgonjwa.

Ndiyo maana nasema hili jambo si mchezo. Historia yetu ya ndani huonekana ukuta ukianguka ama tingatinga ikija. Siku zingine zote tunahesabiwa kutoka nje, ghorofa ngapi, rangi gani, kodi pesa ngapi.

Afrika ina bingwa wa majengo madogo, Bodys Isek Kingelez wa Kongo. Alizaliwa 1948, akafariki 2015, na maisha yake Kinshasa alijenga miji mizima kwa kadibodi, karatasi na plastiki za kuokota. Mwaka 2018 jumba la MoMA la New York liliandaa maonyesho makubwa ya kazi yake. Namheshimu sana. Lakini yeye alijenga mji wa kesho, mji aliotaka Afrika ipate. Mimi nilitaka kitu kidogo zaidi, jana yetu, na tena ndani ya mlango.

Basi nilipomaliza, nilimwita mathe aje aone. Nilikuwa najiskia. Nimejenga kwa njia ya kwamba kila ghorofa inainuka peke yake, unaona vyumba vyote vinne, ngazi, choo na bafu. Sufuria nimetumia vile vipande vya duara, mfereji wa nje nimetumia kishikizo. Kasoro ilikuwa moja tu niliyoijua: ukuta wa kidoti kimoja ni futi nzima, na wetu ulikuwa inchi sita. Ule wa kweli ulipitisha redio ya jirani yote, mpaka matangazo ya vifo.

Mathe akavaa miwani. Akainama. Akanyamaza.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ni yetu, mathe."

"Yetu haikuwa hivi. Kitanda umekilaza chini kwa nini? Kitanda chetu kilikuwa juu ya mawe. Chini ndio kulikuwa na unga, na sanduku, na wewe."

Nikacheka, lakini alikuwa anasema ukweli. Nililala chini ya kitanda mpaka darasa la tano. Zile vidoti 24 zilitumika mara mbili, na mimi nilizihesabu mara moja. Hakuna ramani ya kaunti inayoonyesha hiyo. Hiyo ni akili ya mathe, na ndiyo ilitufanya watu watano tutoshee.

Kisha akauliza, "Na pazia iko wapi?"

Nikasema nimesahau. Akaketi.

"Pazia ndiyo ilikuwa nyumba," akasema. "Babako alipougua, alikaa nyuma ya ile pazia miezi minne. Wageni waliketi huku, yeye kule. Mkifanya homuwaki huku, yeye anawasikiliza kule. Ningekosa hiyo pazia, angeugulia mbele ya watu."

Nakumbuka baba akikohoa. Sikumbuki sura yake akiwa mgonjwa, na sasa najua kwa nini. Mtu alihakikisha sitaikumbuka. Pazia, waya na misumari miwili, kutoka ukuta hadi ukuta. Mwenye ploti hakuijenga, hesabu ya vyumba haikuiona, na tingatinga ilipokuja haikuwa na kitu cha kubomoa hapo.

Nilimwambia naikumbuka ilikuwa ya kahawia. Akasema nilikuwa nakumbuka vumbi. Ilikuwa ya samawati na ndege weupe. Akaenda chumbani, akarudi na kipande chake, alikuwa amekigeuza foronya. Akachukua makasi mwenyewe. Upana sentimita 8, urefu 6 na nusu. Ndicho kitu pekee kwa hiyo nyumba ambacho si plastiki.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Vitabu vitaandika Huruma ilikuwa na ghorofa ngapi. Hiyo hata mtu wa mbali anaweza kuhesabu. Nani alilala wapi, pazia ilikuwa rangi gani, mgeni akija mtoto alihamia wapi, hiyo inajulikana na mathe wako, na shosho wako, na yule jirani aliyewapa chumvi. Hao wanazeeka, na ploti zinaenda.

Usingoje matofali kama yangu. Chukua karatasi ya daftari, ile ya mraba ya hesabu. Mraba mmoja ni futi moja. Chora kumi kwa kumi yenu, halafu mpelekee mathe akwambie umekosea wapi.