Mishahara ya wasimamizi wa hatari za fedha (Kisii na Nyamira)

Katika kaunti hizi, kazi hii hupatikana zaidi kwenye sacco, kama Gusii Mwalimu ya Kisii na Vision Point ya Nyamira. Benki kwa kawaida huweka maofisa wao wa hatari Nairobi. Mshahara hutegemea kwanza ukubwa wa sacco, kisha cheti cha uhasibu cha CPA na uzoefu. Kanuni za sacco za 2010, zinazosimamiwa na SASRA, mdhibiti wa sacco, zinataka sacco inayopokea amana iwe na mtaji wa msingi usiopungua asilimia 10 ya mali yote, na anayechunga kiwango hicho ana hoja nzito ya kudai nyongeza.

Aina ya wanachama nayo ina uzito. Mkopo wa mwalimu hukatwa kwenye payslipu, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mkulima wa majani chai husubiri bonasi ya KTDA, wakala wa chai, ndipo alipe mkopo. Bonasi ikishuka, marejesho hulegea, na bodi haipandishi mshahara wa mtu yeyote. Msimamizi mwenyewe hakwepi makato: kodi ya PAYE, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na 1.5 ya ushuru wa nyumba.