Heringi Wasiorudi

Naanzia pale pasipo na ubishi. Tarehe 24 Machi 1989, usiku wa manane umeshapita, meli ya mafuta ilipanda mwamba wa Bligh katika ghuba ya Prince William Sound, Alaska. Lita zipatazo milioni 41 za mafuta ghafi zikamwagika, na ufuo wa kilomita kama 2,100 ukachafuka. Picha za ndege waliolowa mafuta zikaenea duniani. Mimi siwatafuti ndege. Aprili ndio mwezi ambao heringi wa ghuba hiyo hutaga, wakibandika mayai kwenye mwani wa maji mafupi, na mafuta yalikuwa yamewatangulia kwa majuma machache tu. Mayai yale yalipatwa na nini?

Fikra za wakati huo zilikuwa na jibu jepesi. Sumu ilipimwa kwa kumtia samaki tangini kwa siku nne, kisha kuhesabu waliokufa. Sehemu nyepesi ya mafuta hupaa hewani upesi. Masalia yalionekana kuwa lami inayochukiza macho lakini isiyodhuru. Na kweli, kwa miaka mitatu wavuvi waliendelea kupata heringi. Kisha ikaja 1993. Makundi yaliyotarajiwa hayakufika, na wengi kati ya waliofika walikuwa na vidonda. Uvuvi ukafungwa, ukafunguliwa kidogo 1997 na 1998, ukafungwa tena 1999. Heringi huanza kutaga akiwa na umri wa miaka mitatu au minne. Basi waliopaswa kuijaza ghuba mwaka 1993 ni wale wa mayai ya 1989. Je, hii ni sadfa?

Nilitaka sana kusema siyo. Hapo njia ikaziba. Heringi wagonjwa walikutwa na virusi, na virusi hivyo huishi katika heringi wa Pasifiki hata kusikofika tone la mafuta. Wengine walisema samaki walikuwa wamezidi chakula, wakaingia majira ya baridi wamekonda. Ili kujua kupungua kulianza lini, nikafungua rekodi za ndege za uchunguzi. Heringi wakitaga, shahawa za madume huyageuza maji kuwa meupe kama maziwa, na wachunguzi walio angani hupima urefu wa weupe huo ufukweni. Makadirio rasmi yalionyesha samaki tele hadi 1992. Weupe wa maji, kwa usomaji wa baadhi ya wanasayansi, ulianza kupungua tangu 1989. Samaki ni walewale, rekodi mbili. Niamini ipi?

Nikawaacha heringi kwa muda, nikafuata samoni waridi, ambao huyafukia mayai yao kwenye changarawe za midomo ya mito. Katika mito iliyopakwa mafuta, mayai yaliyokufa yalizidi yale ya mito safi, mwaka baada ya mwaka, hadi 1993. Wapinzani walitoa hoja nzito: huenda mayai yalikufa kwa kushtuliwa yalipofukuliwa ili yahesabiwe. Hoja hiyo ikanizuia kusonga mbele, mpaka nilipofika kwenye majaribio ya maabara. Mayai yaliwekwa kwenye maji yaliyochujwa katika changarawe zenye mafuta yaliyokwisha kukaa, ile lami iliyodhaniwa haina madhara. Kiasi cha sehemu chache tu za sumu katika kila sehemu bilioni za maji kilitosha kuyadhuru. Je, sumu ndogo hivyo inashika wapi?

Inashika moyoni. Kiinitete cha samaki kinapitisha mwanga kama kioo, na chini ya hadubini moyo wake unaonekana ukipiga. Penye mafuta, mapigo hulegea na kupoteza mpango, mfuko wa moyo hujaa maji, uti wa mgongo hupinda. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza chembe za moyo wa jodari, kwa mafuta ya kisima kilicholipuka katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2010, waliona mipitisho ya potasiamu na kalsiamu, inayouongoza kila mdundo, ikivurugika. Mwaka 2015 likafuata jaribio lililonikosesha usingizi. Viinitete vya heringi na samoni vilionjeshwa mafuta kidogo sana, kisha vikalelewa miezi kadhaa katika maji safi. Kwa nje walikuwa samaki wazima. Ndani, moyo ulikuwa na umbo jingine, na mwendo wao ulikuwa wa pole kuliko wa wenzao. Samaki asiyeweza kukimbia anahesabiwa katika orodha gani ya waliokufa?

Narudi na swali hilo kwenye ghuba. Kuhusu samoni, naushika ushahidi kwa mikono miwili. Kuhusu heringi, sithubutu kusema mafuta peke yake ndiyo yaliyowamaliza 1993. Virusi na njaa vina ushahidi wao. Ninachokikataa ni ile hoja ya kwamba hapakuelea mizoga ya heringi, basi heringi walisalimika. Kifaranga wa heringi mwenye moyo mbovu haelei ufukweni asubuhi. Humezwa kimya kimya, au hufika majira ya baridi bila nguvu, ugonjwa ukamkuta hapo. Na wale wachache waliopona wakataga, ni nani aliyewahi kuwatazama mioyo?