Meza ya Washindi: Historia Fupi ya Tuzo za Soya

Mwaka 2004 Paul Tergat hakuwa na deni kwa mtu yeyote. Septemba 28 ya mwaka uliotangulia alikuwa ameimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 55, binadamu wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 5. Alikuwa na mataji matano mfululizo ya mbio za nyika za dunia, 1995 hadi 1999, na medali mbili za fedha za Olimpiki katika mita 10,000. Zote mbili alizipata nyuma ya Haile Gebrselassie wa Ethiopia, na ile ya Sydney alipitwa kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa akala jasho lake. Yeye akaanzisha tuzo za kuwaenzi wenzake: Mwanamichezo Bora wa Mwaka wa Kenya, maarufu kwa jina la Soya.

Sherehe kubwa za wanariadha wa dunia miaka hiyo zilifanyika Monaco. Kijana wa Iten au Baringo alipanda ndege kwenda kupigiwa makofi na watu wasiojua kwao ni wapi. Nyumbani alipokewa uwanja wa ndege kwa nyimbo na kibuyu cha maziwa ya mursik, kisha kila mtu akashika njia yake. Soya iliziba pengo hilo. Kampuni ya simu ya Safaricom ikawa miongoni mwa wadhamini, na michezo ambayo kwa kawaida haikutani ikaketi ukumbi mmoja: riadha, soka, voliboli, raga, ndondi, makocha, na vijana wanaochipukia.

Lakini kinachonifanya niandike kuhusu tuzo hizi ni kwamba wanamichezo wenye ulemavu wana tuzo zao usiku uleule, kwenye jukwaa lilelile. Hawakutengewa hafla ndogo ya huruma mchana wa siku nyingine. Anayerusha mkuki akiwa ameketi kwenye kiti anatajwa kwa kipaza sauti kilekile kilichomtaja bingwa wa dunia wa mita 800, na mgeni rasmi anasimama kwa wote wawili.

Kenya ya wakati huo ilikuwa na mtu wa kuonyesha kwa nini hilo ni haki. Henry Wanyoike alizaliwa Kikuyu mwaka 1974, akakua akikimbia kama watoto wengi wa huko. Mwaka 1995 kiharusi kilimpofusha usiku mmoja: alilala akiona, akaamka haoni. Baada ya kipindi kirefu cha kukata tamaa alisaidiwa na wataalamu wa macho wa Kikuyu, akaenda chuo cha wasioona Machakos na kujifunza kufuma masweta. Akarudi kukimbia.

Mkimbiaji asiyeona huunganishwa mkono na mwongozaji wake kwa kamba fupi, na sheria inataka mkimbiaji ndiye atangulie kuvuka mstari. Katika mita 5,000 za Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, mwongozaji wa Wanyoike alikuwa amedhoofishwa na malaria. Kuelekea mwisho mambo yakageuka: asiyeona ndiye aliyekuwa akimkokota anayeona, watu wakipiga kelele uwanja mzima, mpaka akapata dhahabu. Athens, mwaka uleule Soya ilipozaliwa, alishinda dhahabu mbili, za mita 5,000 na 10,000. Aprili 2005 alikimbia marathoni ya London kwa 2:32:51, na wiki moja baadaye akakimbia Hamburg kwa 2:31:31. Ukizisoma takwimu hizo, huwezi tena kumwita mtu huyo wa kuhurumiwa. Ningependa pia mwongozaji apewe kiti mezani kila mara, maana bila mkono wake hakuna mbio.

Kuhusu fedha lazima nieleze kwa haki. Soya kwanza ni usiku wa heshima. Misaada kwa watu wenye ulemavu nchini Kenya ilipita zaidi njia nyingine. Wanyoike aliunda taasisi yake na kuwa balozi wa mpango wa Standard Chartered wa kupambana na upofu unaozuilika, ule ambao Marathoni ya Nairobi, iliyoanza 2003, iliuchangia. Tergat mwenyewe alikula chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani akiwa mtoto shuleni Baringo, na tangu 2004 ni balozi wake dhidi ya njaa. Naona ni hasara kwamba heshima na mchango vimeendelea kutembea mbalimbali. Ukumbi ukishajaa watu wenye uwezo, na bingwa asiyeona yuko jukwaani, hapo ndipo pa kupitisha bahasha.

Naandika haya nikiwa Tanzania, kijijini Mlali, wilayani Mvomero, katika barabara inayotoka Sangasanga kupitia Mzumbe na kupanda Mgeta. Matenga ya nyanya yanapakiwa hapa, kabichi na karoti zinashuka kutoka milimani, na njia za kwenda majumbani zinavuka mifereji ya kumwagilia. Kiti cha magurudumu madogo cha hospitali hakifiki popote kwenye njia hizi. Mvua moja tu kinanasa. Huku inahitajika baiskeli ya miguu mitatu ya kuendeshwa kwa mikono, au kiti chenye magurudumu mapana. Mafundi tunao: chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha utengenezaji wa viungo bandia tangu 1981. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Vipaji navyo vipo: Tembo Warriors, timu yetu ya soka ya wanaocheza kwa magongo, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia Uturuki mwaka huohuo wa 2022. Medali ya Paralimpiki, ambayo Kenya imeshaizoea, Tanzania bado haijaionja.

Hatuhitaji kumsubiri Tergat wetu. Tunajua kuendesha kamati ya harusi: mwenyekiti, mweka hazina, vikao vya Jumapili, kadi za single na double, daftari la ahadi na mtu wa kuzifuatilia. Tuunde kamati hiyohiyo kwa ajili ya wanamichezo. Viongozi wa kata, walimu wa Mzumbe, wanunuzi wa nyanya na madereva wa bodaboda, kaeni kikao msimu huu. Wekeni watu wenye ulemavu ndani ya kamati tangu siku ya kwanza, waketisheni mezani mkimbiaji wa shule ya msingi na mchezaji wa magongo, na kabla ya kuagiza pilau andikeni kwenye daftari ni baiskeli ngapi za miguu mitatu usiku huo unapaswa kununua.